Nyumba Iliyopinda ya Ndugu Yetu Thani

Bustan, Maskati
Julai 2007

Kwa Kaka yangu mkubwa, Mheshimiwa Sleyum bin Bakhit,
Unguja.

Kaka yangu wa heshima,

Baada ya salamu za kheri kutoka kwetu sote, na baada ya kukujuulisha kwamba afya zetu ni njema na ni akili ya mmoja wetu tu ndiyo yenye shaka, nnaleta mashtaka haya mbele yako kwa unyenyekevu. Tangu Baba alipofariki, wewe ndiye mkubwa wetu. Neno lako ndilo linalotufunga, ingawa unalisema kutoka mbali na mara nyengine hutufikia limeshapoa. Mimi Sayyida, dada yako, mjane, mwalimu mstaafu wa hesabu, nnamshitaki kwako mdogo wetu Thani kwa kosa la kujenga nyumba.

Najua utasema kujenga si kosa. Nisikilize kwanza.

Kiwanja alichotugawia Baba alipokuwa hai unakikumbuka, kile kilicho kati ya mlima na bahari. Upande wa bahari nimejenga mimi, tena nimejenga kama watu: vila ya zege, nguzo mbele, sakafu ya marumaru, kiyoyozi kila chumba hata stoo. Upande wa mlima ulibaki mtupu, na ndio wa Thani. Tulimwomba miaka mingi ajenge, aoe, atulie. Mwaka juzi akaja akanambia, "Dada, nyumba yangu iko njiani." Nikadhani ramani ndiyo iliyo njiani. Kumbe ni nyumba yenyewe, imekatwa vipande, imo ndani ya makontena, juu ya meli, inatoka Uingereza.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Nyumba hii imetumika.

Na sisemi imetumika kidogo, kama gari la mwalimu. Aliijenga mkulima mmoja wa Kiingereza miaka zaidi ya mia tano iliyopita, kabla Mreno hajaiona Maskati. Ngome zetu mbili za mjini, ambazo wageni hupigia picha wakisema ni kongwe, kwa nyumba hii ni vijukuu. Thani anakieleza kisa chake kama mtu anayesoma nasaba ya Masharifu. Anasema zamani ilikuwa ukumbi mmoja mkubwa, wazi mpaka paani, moto unakokwa katikati ya sakafu, na moshi unatafuta njia yake wenyewe kwenye vigae. Watu walikaa upande mmoja, ng'ombe upande wa pili. Baadaye akatokea mjukuu aliyechoka kukohoa, akatia dohani ya kutolea moshi, na juu ya ukumbi akatandika sakafu kupata vyumba vya orofani. Makombamoyo ya juu, yanayobeba paa, bado yana masizi ya ule moto wa kwanza. Ukiyapapasa, mkono unatoka mweusi. Thani anaona fahari. Mimi, Kaka, jikoni kwangu masizi ya wiki moja yanafutwa kwa sabuni.

Ameipataje? Miaka ya tisini, alipokuwa akisoma uhandisi kule, alipanga chumba cha orofani katika nyumba hiyo kwa bibi mmoja mjane, mwenye shamba. Bibi huyo akafa hana mtoto, na barabara kuu ikawa inapita pale pale penye nyumba. Wakataka kuivunja, mbao ziende kuni. Thani akazinunua. Zilipofika Bandari ya Sultan Qaboos, wakala wake akamuuliza kwenye makontena mna nini, apate kuandika karatasi za forodha.

"Nyumba," akasema.

"Mpya au iliyotumika?"

Thani, kwa uaminifu wake, akajibu, "Iliyotumika, lakini kwa uangalifu."

2. Nyumba hii imepinda, na imepinda kwa makusudi.

Thani alikuja na fundi wa Kiingereza kuisimamisha. Mtu mpole, uso umeiva kwa jua kama nyanya. Akatueleza kwamba mwaloni ule ulikatwa mbichi na ukajengewa mbichi, na ulipokauka ukajikunja, kila mti na tabia yake, na nyumba nzima ikajikunja nao. Haina msumari hata mmoja. Ncha ya mti imechongwa ulimi, ukaingizwa kwenye tundu la mti wa pili, kisha kikapigwa kigingi cha mbao kuvifunga. Kila kiungo kimechorwa alama kwa patasi, huku na huku, ili mti usikosee mwenzake. Nakiri kwamba kama mwalimu wa hesabu alama zile nilizitazama kwa muda. Lakini hesabu nzuri haifanyi ukuta mbaya uwe mnyoofu.

Kamau, fundi seremala wa Kikenya aliyeshika kazi pamoja na yule Mwingereza, siku ya kwanza aliweka pima-maji yake juu ya boriti, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Akamwita Thani.

"Boss, hapa tunafuata maji ama tunafuata mti?"

"Fuata mti," Thani akamwambia.

Kamau akaitia pima-maji mfukoni na sikuiona tena mpaka kazi ilipokwisha.

Juu ya hayo, ghorofa ya juu imetokeza nje, inaning'inia juu ya ile ya chini kama mtu anayechungulia kisimani. Majirani wakanijia mmoja mmoja kunipa pole, wakidhani vipimo vimekosewa na familia inaona haya kusema. Nikawajibu kwamba havikukosewa. Hapo ndipo wakanipa pole ya kweli.

3. Kuta zake ni za fito na udongo.

Soma tena, Kaka, kama hukuamini. Baina ya nguzo na nguzo wamesuka fito, juu ya fito wamekandika udongo uliochanganywa na majani makavu na kinyesi cha ng'ombe. Babu yetu kule Pemba alikaa nyumba kama hiyo bila kupanda meli. Baba aliikimbia, akafanya kazi mpaka mgongo ukapinda, akaapa kwamba wanawe hawatalala tena ndani ya udongo. Mtoto wake wa mwisho, aliyemsomesha mpaka Ulaya, akaenda Ulaya akauleta udongo.

Kinyesi kilichukuliwa kwenye mashamba ya Barka kwa gari langu. Sikuombwa ruhusa, niliombwa funguo. Eufrasia, dada wa Kibukoba anayemwangalia Mama, alisimama uani akiwatazama wanavyosuka fito, akanambia kwa adabu, "Mwalimu, hii ni kama nyumba ya bibi yangu kule kijijini. Ila ya bibi yangu imenyooka."

Nikamtuma ndani akamwangalie Mama.

4. Nyumba hii ina hirizi.

Walipokuwa wakiivunja kule, ndani ya ukuta wa dohani walikuta kiatu cha mtoto, kikavu kama samaki wa kukaushwa, kimefichwa zamani za kale. Na kwenye boriti iliyo juu ya meko kumechorwa duara ndani ya duara, kama ua. Nikamuuliza yule fundi, akanieleza bila ya haya kwamba watu wao wakifanya hivyo kuwazuia wachawi wasiteremke na dohani. Kaka, watu hawa walitawala nusu ya dunia wakituandikia vitabuni kwamba ushirikina ni wetu. Kumbe na wao walikuwa wakilala na kiatu ukutani.

Nilimtaka Thani akitupe. Akasema fundi amekirudisha mahali pake, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa. Kwa hivyo hivi sasa Bustan, penye misikiti ya kutosha, pana kiatu cha Kiingereza kinachotulinda na wachawi wa Kiingereza, ambao sijui watakuja kwa ndege gani.

5. Nyumba hii imeniibia Mama.

Hapa nnaomba usicheke.

Unajua kwamba Mama amekaa kwangu tangu eda yake. Chumba chake kina dirisha la bahari na choo chake mwenyewe. Nyumba ile ilipokwisha kusimamishwa, Thani alimchukua kwa mkono akamtembeza. Nilikuwepo. Mama akapita akigonga nguzo kwa bakora yake, akiuliza hichi nini na kile nini, mpaka wakafika ukumbini, kwenye meko. Thani akamwambia, "Mama, hapa ndipo nilipopokea simu ya msiba wa Baba."

Unakumbuka mwaka ule. Baba alizikwa siku ile ile, kama inavyotakiwa, na Thani hakuweza kuwahi. Sote tulikuwa na watu wa kushikana nao. Yeye alikuwa peke yake katika nchi ya baridi. Hatukumuuliza siku ile aliipitisha vipi, wala mimi sikuwahi kumuuliza. Alimwambia Mama kwamba yule bibi mjane, mwenye nyumba, alikuja akakaa naye kwenye benchi mbele ya moto kutwa nzima. Alikuwa akimwekea chai, ikipoa anaimwaga, anamletea nyengine.

Mama akagonga ukingo wa meko kwa bakora. Kisha akauliza, "Upande upi wa meko?" Thani akamwonyesha. Akasema, "Basi kitanda changu kiwekwe hapo."

Kilihamishwa kabla ya adhuhuri. Eufrasia akahama naye. Mimi nimebaki na choo chenye marumaru kisichokuwa na mtu. Na mimi, Kaka, nilimlilia Baba vile vile, papa hapa, ndani ya zege, na hapana aliyeomba kuhamia.

6. Nyumba hii haikuanguka.

Hili ndilo linalouma kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia watu.

Khabari za ile tufani ya Gonu umezisikia redioni, lakini redio haikuwa Bustan. Upepo ulianza asubuhi. Mchana wadi, ule mto wetu ulio mkavu mwaka mzima, ikateremka mlimani, na haikuteremka kama maji, iliteremka kama nchi inayotembea, na mawe yake na miti yake na tangi la maji la mtu. Kabla ya hapo Thani alikuja mlangoni kwangu, amerowa chepechepe, akanitaka nihamie kwake orofani. Nikamwambia nyumba yake itaanguka.

Akanambia, "Basi njoo uione inavyoanguka, Dada."

Nikafunga mlango. Mlango wangu ni wa chuma na ukuta wangu wa uani ni wa zege, na nilidhani hiyo ni sifa. Maji yakaingia kwa chini ya mlango, yakaingia kwa madirisha, na yalipokwisha kuingia yakakuta kila pahala pamezibwa vizuri na hapana pa kutokea. Yakanifika magotini, kisha kiunoni. Makochi ya majlisi yakaelea. Nilisimama juu ya meza ya kulia nikisoma kila nilichokihifadhi, na nilipomaliza nikaanza tena. Niliogopa, Kaka. Nilikuwa na yakini kwamba nitakufa peke yangu ndani ya nyumba nzuri.

Thani na Kamau walikuja na kamba. Walivunja dirisha langu, wakanitoa kama gunia.

Nilipoifikia nyumba yake niliona jambo ambalo sijaliona tena. Udongo wa kuta za chini ulikuwa umeyeyuka wote na kwenda na maji. Zimebaki nguzo na fito, na wadi inapita baina yake, inaingia upande huu na kutokea upande ule, kama mgeni aliyepewa njia. Nyumba imesimama ndani ya maji na maji hayana la kuishikia. Thani alikuwa ameshampandisha Mama orofani mgongoni mwake, katika kile chumba alichopanga alipokuwa mwanafunzi. Mama alikuwa amekaa juu ya godoro, anatizama huku na huku.

Akanambia, "Humu ndimo alimolala mtoto," kana kwamba hapana mvua.

Tulikaa humo alasiri yote: Mama, Eufrasia, Thani, Kamau, jirani zetu wawili na watoto wao, na mimi nikitonesha maji. Nyumba ililia. Kila mti ulilia kwa sauti yake, ukajinyonga kidogo, ukarudi. Kila ilipolia nilingoja ianguke, kwa heshima ya hoja yangu. Haikuanguka. Ilivuja, nnakuapia ilivuja, penye pembe ya kaskazini, na nilimwonyesha Thani.

7. Nyumba hii imeniharibia watu.

Maji yalipokauka, ile nyumba ilisimama kama mifupa, na watu wakaja kuitizama. Nikasema sasa imekwisha. Mama akatoa kichwa kwenye dirisha la ile ghorofa inayoning'inia, akasema hapana mtu atakayekula kwake mpaka kuta zirejee. Na chakula ndicho kilichokuwa kwake, kwa kuwa jiko langu lilikuwa limejaa tope.

Basi ikawa siku ya kukandika. Kamau alikuja na rafiki zake wa kanisani Ruwi. Eufrasia akawaita wenzake. Wakaja wanawake wa jirani, hata yule Bi Zuwena ambaye hajanisalimu tangu nilipojenga ukuta wangu. Tope likamwagwa uani, majani yakatupwa juu yake, watu wakavua viatu wakaanza kulikanyaga. Eufrasia na wenzake wakaimba kwa Kihaya, Wakenya wakajibu kwa Kikikuyu, na Mama juu dirishani akitia nyimbo za Pemba ambazo sikujua kwamba anazikumbuka. Akaniona nimesimama pembeni na viatu vyangu. Akaniita kwa jina langu la utotoni, mbele ya watu, akasema, "Na wewe una miguu."

Mwalimu mstaafu, Kaka, nimewafundisha wengine ambao leo ni wakubwa serikalini, nikaingia topeni mpaka vifundoni. Ukuta wa kaskazini niliukandika mimi, kwa mikono yangu, pamoja na Bi Zuwena, na tulipofika katikati tulikuwa tunazungumza.

Tangu siku hiyo watu hawatoki mle. Kahawa ya asubuhi iko kule. Wagonjwa wanasalimiwa kule. Majlisi yangu ina makochi mapya na mtu pekee anayekaa ni mimi.

Kwa hayo yote, Kaka yangu, nnakuomba utoe amri ifuatayo, kwa maandishi:

Kwamba Thani aifumue nyumba hii, kiungo baada ya kiungo, jambo ambalo ni jepesi kwa kuwa alama zote zimo. Kwamba irejeshwe Uingereza ilikotoka. Ikiwa wenyewe watasema mahali pake pameshapita barabara, basi ipelekwe Pemba, kwenye shamba la Babu, ambako nyumba za fito na udongo zina kwao. Kwa uadilifu niko tayari na vila yangu isafirishwe Uingereza badala yake, isimamishwe kwenye shamba la mtu yeyote atakayetaka, nao wapate kujua ladha ya kulelewa na marumaru. Na kwamba Mama arudi kwangu. Hilo la Mama, ukiona mengine yote ni mazito, basi liandike peke yake.

Sina shaka utaamua kwa haki kama ulivyozoea kuamua, yaani kwa kuchelewa.

Nisalimie wifi yangu na watoto, na wajukuu wote hata yule aliyenivunjia miwani. Nisalimie jirani zetu wa zamani walio hai, na makaburi ya walio mbele ya haki uyapitie kwa niaba yangu. Mama anakusalimu. Eufrasia anakusalimu bila ya kukujua. Thani sikumwambia kwamba nnaandika, kwa hivyo salamu zake zitakuja baadaye.

Mimi dada yako mwenye kukuheshimu na kudhulumiwa,
Sayyida bint Bakhit

Nyongeza: Nilikuwa sijaitia barua hii kwenye bahasha, Thani akaja. Kuna jumba moja la makumbusho huko Uingereza, la nyumba za zamani, limesikia kwamba nyumba imesimama mbele ya tufani. Wanaitaka. Watakuja na mafundi wao, watalipa na meli. Akanambia, "Dada, nimechoka kukuona umenuna. Nimewakubalia. Umeshinda."

Nimekaa na neno hilo tangu asubuhi. Ni yale yale niliyoyaomba, hayakupungua wala kuzidi. Kisha nikavuka uani, nikamkuta Kamau, nikamwambia kwamba atakayegusa kigingi kimoja cha nyumba ile atapita juu yangu, na mimi si mwepesi. Kamau akasema, "Sawa, Madam," akaendelea na randa yake.

Basi amri nnayoiomba sasa ni nyengine. Muandikie Thani umkataze kabisa kuivunja. Mwambie ni nyumba ya Mama, na kwamba wewe kama mkubwa huruhusu. Usimwambie kuwa nimekuomba. Kitanda changu nimeshakipandisha orofani, kwenye chumba cha pili kinachoning'inia, juu ya kilipo kitanda cha Mama. Wewe ukija utalala kwangu kwenye marumaru, nafasi ni tele.

Andika kwa ukali. Mimi nitanuna kidogo, kisha nitatii.